KUZIMA NDIKO KUGUMU: Tuchague swichi gani kwa koili?

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia. Tunayachapa kwa sababu wengi waliomba wapate maandishi ya kusomea wenzao nyumbani.



Ndugu wanavikundi, akina mama, wazee wetu, na nyinyi vijana mlioketi pale nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka: karibuni nyote. Leo hatutaongea juu ya katiba ya kikundi wala juu ya kufungua akaunti ya benki. Tutaongea juu ya swichi. Ndiyo, swichi, kitu cha kuwasha na kuzima. Mtu anaweza kucheka aseme, "Je, hata hiyo inahitaji semina?" Subirini kidogo. Tulikuwa na mawazo kama hayo, mpaka swichi moja ilipokaribia kuvunja kikundi.

JAMBO LILILOTOKEA

Kuna kikundi kimoja tunachokitembelea ambacho kina shamba la mboga kando ya mto. Wana paneli za sola, betri moja ya volti 12, na pampu ndogo ya kupandisha maji. Vijana wa kikundi hicho wanasomea ufundi katika chuo kile ambacho wazee bado wanakiita politekniki ya kijiji. Siku ya wazazi ilipokaribia, vijana waliamua kutengeneza kitu cha kuwaonyesha wageni: koili inayorusha chuma. Walichukua mrija wa kalamu, wakauzungushia waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyokufa, wakaweka kipande cha msumari mdomoni mwa mrija. Ukipitisha umeme kwenye koili, sumaku inauvuta msumari ndani kwa nguvu. Nia yao ilikuwa utokee upande wa pili ukiruka.

Betri waliazima ya kikundi. Swichi walinunua ya ukutani, ile ya taa ya nyumba. Wageni wakakaa, kijana akabonyeza. Msumari uliingia katikati ya koili ukakwama hapo hapo. Kijana akazima. Swichi ikalia "ta", lakini koili iliendelea kupata moto. Akasema, "Mama, swichi imekataa kuzima." Mama mwenyekiti akajibu, "Zima basi, unangoja nini?" Akabonyeza tena na tena. Moshi ukatoka, kitambaa cha meza kikaungua, na mtoto mmoja aliyekimbilia kuigusa koili akaungua kidole. Mwishowe mzee mmoja aling'oa waya kwenye betri kwa mkono.

Jioni hiyo kulikuwa na kikao cha hasira. Wengine walitaka vijana walipe betri. Wengine walisema vijana wasiguse tena mali ya kikundi. Vijana nao wakasema kama ni hivyo wataanzisha kikundi chao. Tuliitwa tuje kusuluhisha.

Tulipofika hatukuanza na maneno. Tuliomba tuonyeshwe ile swichi, fundi mmoja wa jua kali akaifungua mbele ya wote. Ndani ya swichi kuna vibati viwili vidogo vinavyogusana ukiwasha na kuachana ukizima. Vile vibati vilikuwa vimeyeyuka vikashikana, kama vimechomelewa. Ndipo mama mwenyekiti akauliza swali ambalo lilibadilisha kikao chote: "Na ile ya pampu yetu, si ni ya duka lile lile?"

Tukatembea pamoja mpaka kwenye kibanda cha pampu. Tukaifungua swichi. Vibati vilikuwa vyeusi kama mkaa, na plastiki ya pembeni imeanza kulainika. Wasingalijua. Koili ya vijana ilikuwa imewaonya kabla kibanda hakijashika moto.

KWA NINI KUZIMA NI KUGUMU

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Swichi nayo iko hivyo: kuwasha harusi, kuzima matanga. Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni aina ya umeme. Stima ya nyumbani hapa Kenya hugeuka mwelekeo, inakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kila inapogeuka, kuna nukta fupi ambapo mkondo ni sifuri, na nukta hizo ni 100 kwa sekunde. Cheche ikitokea kati ya vibati wakati wa kuzima, mkondo ukifika sifuri cheche inakosa chakula, inakufa. Umeme wa betri na wa paneli haugeuki. Unasukuma upande mmoja tu, bila kupumzika. Cheche ikishaanza, ni vigumu zaidi kufa, na joto lake linayeyusha vibati.

Sababu ya pili ni koili yenyewe. Koili ni kama mkokoteni uliojaa mawe. Kuuanzisha ni kazi, lakini ukishashika mwendo mteremkoni, jaribu kuusimamisha ghafla uone. Mkondo ukishapita ndani ya koili hautaki kukatwa. Ukifungua swichi, koili hupandisha volti yake yenyewe ili mkondo uendelee kupita. Kutoka betri ya volti 12 tu, koili inaweza kutoa pigo la volti mia kadhaa kwa muda mfupi sana. Pigo hilo ndilo linaloruka kwenye mwanya wa swichi kama cheche. Mafundi wa magari wanalijua jambo hili, kwa maana ndivyo koili ya injini ya petroli inavyopata cheche ya plagi.

Pampu ina mota, na mota ndani yake ni koili. Rilei ni koili. Vali ya maji ya umeme ni koili. Stata ya gari ina koili inayovuta chuma. Kwa hivyo hili si jambo la mchezo wa vijana peke yake.

NORWEI, MWAKA 1903

Msidhani vijana wetu ni wa kwanza kuaibika mbele ya wageni. Huko Norwei kulikuwa na profesa aitwaye Kristian Birkeland. Alivumbua mzinga wa umeme, yaani koili nyingi zilizopangwa kwa mstari ili zirushe chuma bila baruti. Tarehe 6 Februari 1903 alialika wakubwa katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Kristiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Alipowasha, umeme ulipiga shoti. Ukatokea mlio mkubwa na mwale wa moto, watu wakashtuka. Mzinga haukupata wanunuzi.

Lakini siku chache baadaye Birkeland alikutana na mhandisi aitwaye Sam Eyde, ambaye alikuwa anatafuta mwale mkali wa umeme ili kuunganisha naitrojeni ya hewani na oksijeni, apate mbolea. Birkeland alikuwa ameuona mwale huo ukumbini mwake. Wakashirikiana, na mwaka 1905 kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa. Njia ile ya mwale iliachwa baadaye kwa sababu ilikula umeme mwingi, lakini kampuni iliendelea. Mwaka 2004 tawi lake la mbolea lilitengwa likawa kampuni ya Yara, na magunia yake wengi wenu mmeyabeba kutoka dukani hadi shambani.

Tunalisema hili kwa sababu moja. Birkeland hakuficha kilichoharibika. Alikiangalia vizuri akauliza kinaweza kufundisha nini. Kikao chetu nacho kilipona pale mama mwenyekiti alipouliza swali badala ya kutafuta wa kulaumu.

KWANZA HESABU, NDIPO DUKA

Sasa tuje kwenye kuchagua. Usiende dukani ukisema, "Nipe swichi." Nenda na namba tatu: volti ngapi, ampea ngapi, na ni umeme wa aina gani.

Tuchukue koili ya vijana. Waya ulikuwa wa unene wa nusu milimita, wamezungusha kama mara 200, urefu wote karibu mita 8. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa karibu omu 0.7. Gawanya volti kwa ukinzani: 12 kwa 0.7 ni ampea 17. Swichi ya taa huandikwa ampea 5 au 10, tena kwa stima ya nyumbani. Kwa hivyo walikuwa wamempakia punda mzigo wa lori.

Angalieni tena. Volti 12 mara ampea 17 ni wati 204. Wati zote hizo zinaingia kwenye waya mwembamba wenye uzito wa gramu 14 hivi. Kila sekunde moja joto la koili linapanda kwa karibu digrii 40. Sekunde tatu zinatosha kuchoma kidole. Ndiyo maana swichi inayokataa kuzima ni hatari kuliko ile inayokataa kuwasha.

Na kuna jambo la tatu kwa koili ya kurusha. Sumaku huvuta chuma kuelekea katikati ya koili. Chuma kikishafika katikati na umeme bado unapita, sumaku hiyo hiyo inakirudisha nyuma. Ndiyo maana msumari ulikwama. Umeme lazima ukatike chuma kinapokaribia katikati, na safari hiyo ni ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kubonyeza na kuachilia kwa mwendo huo.

SWICHI ZILIZOPO, MOJA BAADA YA NYINGINE

1. Swichi ya ukutani na kitufe cha kengele. Ziacheni kwa kazi zake. Kitufe cha kengele kinafaa kutoa amri ndogo tu, si kubeba mzigo.

2. Rilei ya gari. Ni ile ya honi au ya taa kubwa, inapatikana kwa wauza spea. Nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 30 au 40. Miguu ina namba: 85 na 86 ni ya koili ndogo ya ndani, 30 na 87 ni ya kupitisha mzigo. Kitufe kidogo kinaamuru 85 na 86, na rilei inabeba mzigo mzito. Imetengenezwa kwa umeme wa betri, na bei yake haifiki bei ya kuku. Kwa pampu ya volti 12 hii ni chaguo zuri. Kwa koili ya kurusha chuma haifai sana, kwa sababu vibati vyake huchukua muda kufunga na kufungua, na wakati huo msumari umeshapita au umeshakwama.

3. Transista ya aina ya mosfeti. Hii haina vibati, kwa hivyo hakuna kitu cha kuyeyuka na kushikana. Ina miguu mitatu, mmoja ni wa kupokea amri. Inawasha na kuzima haraka sana. Iliyozoeleka ni IRFZ44N, ambayo kikomo chake ni volti 55 na ampea 49 ikiwa imepozwa vizuri. Hapa wengi hukosea: mguu wa amri wa IRFZ44N unataka karibu volti 10 ili ifunguke kabisa. Ukiupa volti 5 inafunguka nusu, inachemka, inakufa. Ukiwa na amri ya volti 5 tu, tafuta IRLZ44N. Tena, kutoka mguu wa amri hadi upande wa hasi weka kinzani cha omu 10,000, ili usipoamuru ibaki imezimwa. Kwa sababu kidole ni kizito, mosfeti ya koili ya kurusha inahitaji saa ndogo ya kielektroniki ya kuiamuru, kama ile chipu iitwayo 555. Hii ni hatua ya pili, si ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

4. Thairista. Hii ni kama mlango unaofungukia upande mmoja na kujifunga wenyewe. Ukiigusa kwa amri ndogo inafunguka, na hata ukiondoa amri inabaki wazi mpaka mkondo unaopita uishe wenyewe. Ukiiunganisha na betri moja kwa moja utajuta, kwa sababu mkondo wa betri hauishi na haitazima kamwe. Lakini ukiilisha kutoka kwenye tangi dogo la umeme ambalo linakauka lenyewe, hapo inakuwa rafiki wa anayeanza. Iliyozoeleka ni BT151, ya ampea 12 kwa kazi ya kuendelea, na inaweza kustahimili pigo la ampea 100 hivi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

TULIVYOSHAURI VIJANA

Hilo tangi dogo la umeme ndilo kapasita. Tuliwaambia vijana wanunue moja ya maikrofaradi 10,000 yenye alama ya volti 25, na thairista moja ya BT151. Mpango ni huu.

Betri inajaza kapasita kupitia fyuzi ya ampea 1, swichi ndogo, na kinzani cha omu 100 cha wati 2. Baada ya sekunde 5 imejaa. Unazima swichi ya kujazia. Kutoka upande wa chanya wa kapasita waya unakwenda kwenye koili, halafu kwenye thairista, halafu unarudi upande wa hasi. Kitufe cha kengele kinatoa amri kutoka kwenye betri kupitia kinzani cha omu 470. Ukibonyeza, kapasita inajimwaga ndani ya koili kwa sehemu ndogo ya sekunde na kukauka. Mkondo umeisha, thairista imejifunga yenyewe.

Tazameni ubora wa mpango huu. Swichi ya kujazia inazimwa wakati kapasita imeshajaa, kwa hivyo karibu hakuna mkondo unaopita. Thairista nayo inajifunga wakati mkondo umeisha. Hakuna anayelazimishwa kukata mkondo mzito. Tumeondoa matanga tukabaki na harusi.

Lakini sharti usisahau kuzima swichi ya kujazia kabla ya kubonyeza. Ukisahau, mkondo mdogo kutoka kwenye betri utaendelea kupita, na huo unatosha kuiacha thairista wazi, kapasita isijae tena. Kijana mmoja alihangaika nusu siku akidhani ameuziwa thairista mbovu, kumbe ni hilo tu. Na mwangalie alama ya hasi kwenye kapasita. Ukiiunganisha kinyume inaweza kupasuka.

Nguvu yake ni ndogo. Kapasita hiyo kwa volti 12 inashika nguvu ya kuinua kilo moja kwa sentimita 7 tu, na msumari unapata asilimia chache ya hiyo. Unaruka mezani, unaangukia kwenye boksi. Inatosha kabisa kwa siku ya wazazi. Wakitaka uruke vizuri zaidi, wasiongeze volti. Wajaribu kubadilisha mahali msumari unapoanzia, sentimita nusu kwa nusu, na kuandika matokeo kwenye daftari. Hiyo ndiyo sayansi.

MAMBO AMBAYO HATURUHUSU

Hapa tunasema kwa ukali wa mzazi. Vijana wengine wamesikia kwamba kapasita ya flashi ya kamera ya zamani inatoa nguvu zaidi. Ni kweli. Inashika karibu volti 300, na inabaki nazo hata baada ya kamera kuzimwa. Inaweza kuua. Tusiifungue, tusiitumie. Volti 12, basi.

Chuma kiwe butu, kielekezwe kwenye boksi la maranda, kamwe si kwa mtu wala mnyama. Anayebonyeza avae miwani ya kulinda macho. Watoto wakae nyuma ya mstari. Koili isiguswe baada ya majaribio mengi kwa mfululizo. Na tukumbuke kwamba Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kitu cha kufundishia kikigeuzwa kuwa kitu cha kuumiza, hakuna atakayesikiliza hadithi ya siku ya wazazi.

SASA PAMPU YA KIKUNDI

Tulirudi kwenye kibanda. Pampu yao inakula ampea 8 ikishaanza kuzunguka, lakini wakati wa kuanza mota yoyote huvuta mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi. Kwa hivyo usinunue kitu cha ampea 8. Waliweka rilei ya gari ya ampea 30, na swichi ndogo ya kuiamuru.

Halafu waliweka diodi. Diodi ni vali ya umeme, inapitisha upande mmoja tu. Inafungwa sambamba na koili, ule upande wenye mstari ukielekea chanya. Pampu ikiendelea kufanya kazi diodi imekaa kimya. Ukizima, ule mkondo wa koili usiotaka kukatwa unapata njia ya kuzunguka ndani ya diodi mpaka uchoke, badala ya kuruka kwenye vibati. Kwa koili ndogo ya rilei, 1N4007 inatosha. Kwa pampu walitumia 1N5408, ambayo ni nene zaidi. Ukiigeuza kinyume utapiga shoti, ndiyo maana fyuzi inakuja kwanza. Pampu ambayo imekuja na kontrola yake ifuate kitabu chake. Msiongeze kitu bila fundi.

Fyuzi waliweka ya ampea 15, karibu kabisa na betri, si mbali karibu na pampu. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Waya ukipiga shoti kabla ya fyuzi, fyuzi haioni kitu. Na fyuzi ikikatika msifunge waya wa senyenge mahali pake. Tafuteni kilichoikata.

Neno la mwisho kwa vikundi vyenye paneli nyingi. Paneli kadhaa zikiunganishwa kwa mfululizo, volti zinajumlishwa, zinaweza kufika mia na zaidi. Hapo rilei ya gari haifai hata kidogo. Kwenye rilei na swichi someni maandishi yote mawili. Utakuta kwa mfano ampea 10 kwa volti 250, na chini yake ampea 10 kwa volti 30. Ya kwanza ni ya stima inayogeuka, yenye alama ya wimbi. Ya pili ni ya betri na paneli, yenye alama ya mstari ulionyooka na vistari chini yake. Swichi ni ile ile, lakini volti 250 zimekuwa 30. Sisi tunaangalia mstari ulionyooka. Kama haupo, irudishe kaunta, hata kama bei ni nzuri.

KIKAO KILIISHAJE

Vijana hawakulipishwa betri, kwa sababu ilipimwa ikaonekana nzima. Walipewa kazi: kila mwisho wa mwezi wafungue vibanda viwili vya pampu, waangalie vibati, wakaze skrubu, na kuandika kwenye kitabu cha kikundi. Mweka hazina alikubali kuwatengea pesa kidogo za spea. Wao nao walikubali kwamba hakuna kitu cha kikundi kitakachoazimwa bila kuandikwa. Yule mtoto aliyeungua alipona, na ndiye alipewa nafasi ya kubonyeza kitufe mara ya pili, akiwa amevaa miwani iliyomzidi uso. Msumari uliruka, ukaingia kwenye boksi, akina mama wakapiga vigelegele.

Ndugu zetu, vikundi vyetu vinajua sana kuwasha. Tunawasha miradi kwa nyimbo na maombi. Kabla ya kuwasha tena, tuulize: tukitaka kusimamisha, tutasimamisha kwa nini, na je, itakubali?

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika mashine za kikundi chetu, ni zipi zenye koili ndani yake? Zitajeni zote.

2. Swichi zake zimeandikwa nini? Fungueni moja, betri ikiwa imetolewa na paneli zimekatwa, muone vibati viko hali gani.

3. Fyuzi iko wapi? Ni nani anayejua ni ya ampea ngapi?

4. Kitu kikiharibika mikononi mwa vijana wetu, huwa tunauliza swali gani la kwanza?

Mungu awabariki, awalinde nyinyi na kazi ya mikono yenu.